Zinki na shaba kwenye chakula cha kamba: tunatibu utumbo au tunawapa nafasi vibrio sugu?

BwawaChumvi: Wakuu, nauliza kuhusu chakula cha vannamei (kamba weupe wa kufugwa). Protini 35%, sehemu kubwa inatoka kwenye mashudu ya soya. Kwa tani moja inaingia salfeti ya zinki gramu 200 na salfeti ya shaba gramu 150, na pakiti ya madini ina salfeti ya chuma pia. Chakula ndani ya utumbo wa kamba kinaonekana kimekatika-katika, utumbo haujai, na ukipandwa kwenye TCBS (sahani ya maabara ya kuotesha vibrio) vibrio, bakteria wa maji ya chumvi, wanaota tele. Kuna ushauri kwamba zinki na shaba ziongezwe mara mbili ziue bakteria. Inafaa?

MchanganyaLishe: Hapana, hasa kwa shaba. Salfeti ya shaba ya bluu ina shaba takriban 25%, kwa hiyo gramu 150 kwa tani ni miligramu 37 kwa kilo, na bado hujahesabu iliyomo kwenye soya. Mahitaji yaliyopimwa kwa vannamei ni kama miligramu 34 kwa jumla. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa 50 kwa chakula cha krasteshia (kundi la kamba na kaa). Kamba anahitaji shaba kwa sababu hemosayanini inayobeba oksijeni kwenye damu yake imejengwa nayo, lakini ikizidi hurundikana kwenye ini-kongosho (kiungo chake cha kumeng'enya chakula) na kuliharibu. Ile isiyofyonzwa huua kwanza bakteria dhaifu wa utumbo. Wanaobaki ni wenye pampu za kuitoa nje ya seli, na mara nyingi jeni za pampu hizo husafiri pamoja na jeni za usugu wa antibiotiki.

Kwa zinki, kikwazo ni fitati ya soya, kemikali ya mbegu inayokamata madini yasifyonzwe. Bila fitati, miligramu 33 kwa kilo zinatosha. Fitati ikifika 1.5% ya chakula, mahitaji hupanda hadi karibu 200. Kabla ya yote soma gunia la salfeti ya zinki: yenye molekuli moja ya maji ina zinki kama 35%, yenye saba ina 22% tu. Gramu zako 200 zinaweza kuwa miligramu 70 au 44!

Badala ya kurundika salfeti, tumia zinki iliyofungwa kwa glisini (asidi amino). Yenye zinki 26%, gramu 230 kwa tani hutoa miligramu 60, na fitati haiikamati kirahisi. Kimeng'enya cha fitezi, kinachovunja fitati, kinasaidia, ila aina nyingi hupenda asidi, na utumbo wa kamba hauna asidi hiyo. Ni afadhali kuitibu soya yenye unyevu kwa kimeng'enya hicho kabla ya kuchanganya. Ukikitia kwenye mchanganyiko muda mfupi kabla ya mashine ya vidonge, joto huweza kukiua kabla hakijafanya kazi.

Sahani_TCBS: Naongezea: toa ile salfeti ya chuma. Unga wa samaki na soya vina chuma cha kutosha, na vibrio hutoa molekuli maalumu za kunyakua chuma. Ziada ni kuwalisha wao. Isitoshe, chuma na shaba huozesha mafuta na kuharibu vitamini C, kwa hiyo usihifadhi madini na vitamini kwenye mfuko mmoja.

Halafu, TCBS peke yake haitoshi. Chukua kamba 5 hadi 10 wenye gamba gumu (si waliotoka kujivua), futa nje kwa alkoholi 70%, toa utumbo, pima uzito, saga kwenye maji safi ya chumvi 2%, zimua hatua kwa hatua hadi mara 10,000. Panda mililita 0.1 kwenye TCBS na kwenye TSA (sahani inayootesha bakteria wa aina nyingi) yenye chumvi 2%, nyuzi joto 30, saa 24. Angalia vibrio ni sehemu gani ya bakteria wote. Rangi ya makoloni kwenye TCBS inaonyesha tu nani anachachusha sukari (njano) na nani hachachushi (kijani). Kijani si lazima awe muuaji, na njano si lazima awe salama.

BwawaChumvi: Asante wakuu. Seleni je?

MchanganyaLishe: Miligramu 0.3 kwa kilo, usizidishe. Usipime selenaiti (chumvi ya seleni) tupu. Tumia mchanganyiko wenye seleni 1%, gramu 30 kwa tani. Salfeti ya shaba ipunguze ili, pamoja na iliyomo kwenye soya, jumla ibaki karibu miligramu 34 kwa kilo. Badilisha kimoja kwa wakati mmoja, wiki nne, huku bwawa jingine likibaki na chakula cha zamani.

Sahani_TCBS: Na kabla ya hayo pima EHP (kimelea kidogo cha ini-kongosho la kamba) kwa PCR (kipimo cha vinasaba), hasa ukiona nyuzi nyeupe za kinyesi zikielea. Ikiwepo, hakuna madini yatakayojaza utumbo huo.