Mrejesho: Rangi ya udongo haibanduki tena

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini rangi ya udongo mwekundu (udongo uliokorogwa na maji) inabanduka kama magamba kwenye vyungu vya wanafunzi wangu wa nakshi. Mliosema tunapaka chungu kikiwa kimeshakauka, mlipatia. Chungu kimeshasinyaa, rangi ndiyo kwanza inaanza, lazima iachie.

Jumamosi tulipaka vikiwa bado na ubaridi: ukibonyeza, kidole hakizami, ila ukucha unaacha alama. Tukasugua kwa kokoto laini ya mtoni hadi vikang'aa. Kati ya vyungu 12 kimepasuka kimoja tu motoni, na mwenyewe alikianika juani kwa haraka zake. Mama mmoja alibiringisha gunzi shingoni mwa mtungi, likaacha nakshi; wenzake wakatupa visu vya kuchorea, wakagombania magunzi.