Kuuza shamba Punjab ili mtoto akasome Canada: ni ada ya chuo au nauli ya kuhama?

Wakuu, habari za leo. Naomba tujadili hili bila jazba.

Talhan ni kijiji karibu na Jalandhar, jimbo la Punjab, India. Kuna gurdwara pale, hekalu la Wasikh, ambako watu hutoa ndege za kuchezea kama sadaka wakiomba viza. Si vitabu wala kalamu, ndege. Kwangu jibu liko hapo. Familia inayouza au kuweka rehani shamba la ngano ili kijana akachukue diploma ya miaka miwili Ontario, jimbo la Canada, mara nyingi hainunui elimu. Inanunua nauli, na chuo ni stendi tu.

Mzazi simlaumu. Nawalaumu wakata tiketi. Mwaka 2019 serikali ya Ontario ilishusha ada za wanafunzi wenyeji kwa asilimia 10, kisha ikazigandisha. Vyuo vikatafuta pa kuzibia pengo, vikamkuta kijana wa Kihindi anayelipa mara kadhaa ya mwenyeji. Wakala naye hupewa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi anayempeleka. Huyo ndiye atamwambia mteja kwamba kozi yenyewe haina kichwa wala miguu? Mwaka 2023 kuna vijana waligundua, wengine wakiwa wameshamaliza masomo na wanaomba ukaazi, kuwa barua za kujiunga na chuo walizoombea viza zilikuwa za kughushi. Aliyepewa notisi ya kufukuzwa nchini ni mwanafunzi.

Januari 2024 Canada ikafunga bomba: ikaweka kikomo cha vibali vya masomo, na fedha za kujikimu ambazo mwombaji lazima aonyeshe zikapanda kutoka dola 10,000 za kwao hadi 20,635. Shamba limeshauzwa.

Hoja yangu: chuo kinachomlipa wakala kamisheni kibebe na dhambi zake. Wakala akidanganya, chuo kirudishe ada yote. Mnasemaje?

Mchangiaji 1: Mkuu, umewachukua Wapunjabi ukawafanya India nzima. Nimesoma Pune, mji wa India, hawa watu nawajua. Mwaka 2024 waliofanya NEET, mtihani wa kuingia udaktari, walizidi milioni 2, na nafasi zilikuwa kama laki moja na kidogo. Za vyuo vya serikali, zenye ada ya kubebeka, ni takriban nusu tu. Aliyekosa afanyeje, akauze vitunguu? Ndiyo maana vita vilipoanza Ukraine Februari 2022 Wahindi waliokuwa wakisoma kule walikaribia 20,000, wengi wao udaktari. Hao hawakufuata ukaazi. Wakirudi kwao wanasubiriwa na mtihani mwingine wa leseni, na unaangusha wengi kuliko wanaopita. Halafu Ambedkar je, yule aliyeongoza kuandika katiba ya India? Mtoto wa watu wa tabaka la chini kabisa walioitwa wasioguswa, akaenda Columbia, New York, 1913. Naye alifuata stendi?

Mleta mada: Kwa madaktari nakubali, nilitia wote kapu moja. Ila Ambedkar usinitajie. Alisomeshwa na Maharaja, yaani mfalme, wa Baroda kule India, kwa sharti la kurudi kumtumikia. Hakuna ekari ya baba iliyouzwa pale.

Mchangiaji 2: Nyie mnabishana, IIT Madras, kimojawapo cha vyuo vikuu vya teknolojia vya India viitwavyo IIT, imefungua tawi Zanzibar tangu 2023, na kwao watoto zaidi ya milioni moja wanagombania nafasi za IIT zisizofika 20,000. Hilo nalo mtu anieleze. Na mleta mada, hoja yako tamu, ila huyo mkulima aliyeuza shamba, chuo cha Ontario atakishtaki wapi? Mahakama ya Jalandhar?