Kama Yesu alishamaliza msalabani, mbona bado anatuombea? Bibi kanibana

MjukuuWaMvumi
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mchungaji wetu kahamishwa, yule aliyemzika babu, na kila Jumatano alikuwa anapita nyumbani kumwombea bibi miguu. Toka aondoke bibi hana raha kabisa, ananiambia huyu mpya mpaka aje anijue mimi nishakufa. Basi jana nikasema nimtie moyo, nikamfungulia Waebrania 7 pale panaposema makuhani wale walikuwa wengi kwa sababu mauti iliwazuia wasikae, ila Yesu ukuhani wake hauondoki. Akasikiliza huku anachambua mlenda, alafu akanyamaza kidogo akaniuliza, si alisema "imekwisha" pale msalabani, sasa mstari wa 25 unasema yu hai sikuzote ili awaombee, anaomba nini tena? Na anamwomba nani wakati yeye ni Mungu? Na huyo Melkizedeki anayetajwa kwenye sura hiyo hiyo ni wa ukoo gani? Nimekaa kimya kama mtoto. Naombeni majibu ya kueleweka, bibi shule aliishia la nne lakini Biblia anaijua kuliko mimi.

fundi_Nkuhungu
Amina mpendwa. Mimi ni seremala kwahiyo hili nililionaga kwenye samani. Soma Kutoka kuanzia sura ya 25 uhesabu vitu vya ile hema ya ibada ya Waisraeli jangwani, kuna sanduku, meza ya mikate, kinara, madhabahu ya uvumba, ila hakuna kiti cha kuhani kukaa, hata kile kiti cha rehema ni mfuniko wa sanduku, sio cha mtu kukalia. Maana kazi ilikuwa haiishi, Waebrania 10:11 inasema kila kuhani husimama kila siku akitoa dhabihu zile zile. Mstari unaofuata, Yesu akiisha kutoa dhabihu moja AKAKETI. Hapo ndio "imekwisha" yenyewe, dhabihu imeisha. Lakini kuhani kazi zake zilikuwa mbili, kuchinja nje kwenye madhabahu na kuingia ndani kwa niaba ya watu. Ya kwanza Yesu kaifanya mara moja tu, ya pili yuko ndani mpaka leo.

Imani_Kondoa
Na ndio maana yule kuhani mkuu alikuwa anafungwa kamba mguuni, akifia kule ndani wamvute, na njuga zikinyamaza watu wanajua kashakufa. Yesu hakuhitaji kamba jamani, haleluya

MwlStaafu
Mbukwenyi wanangu. Imani, hiyo kamba inahubiriwa sana ila kwenye Biblia haimo, tafuta popote huikuti. Njuga zipo, Kutoka 28:33-35, njuga za dhahabu na makomamanga kwenye pindo la joho, na sisi Wagogo tunajua njuga inavyomtangaza mchezaji kabla hujamwona. Lakini siku ile ya upatanisho, Walawi 16:4, alivua mavazi ya fahari akavaa kitani tupu, na kwanza akamtoa ng'ombe kwa dhambi zake MWENYEWE kabla ya mbuzi wa watu. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, wetu hakuwa na deni lake la kulipa kwanza.

Ila kitu cha kumwambia bibi ni kifuani. Kutoka 28:29, Haruni, kuhani mkuu wa kwanza, alibeba majina ya kabila 12 za Israeli juu ya moyo wake kila alipoingia, na majina hayo hayo sita sita kwenye mawe mawili ya mabegani. Hakuingia na orodha mkononi, aliwavaa. Alafu huyo Haruni akafa, akafuata Eleazari, akaja mwingine na mwingine, mwanahistoria Yosefo alihesabu makuhani wakuu 83 toka Haruni mpaka hekalu lilipoharibiwa mwaka 70. Mara 83 watu wamezoea mtu, na mtu kaondoka! Bibi yako sio wa kwanza kulia kwa ajili hiyo, mwambie hivyo.

Anna_Kikuyu
Tumsifu Yesu Kristo. Naongezea la Melkizedeki maana wengi wanalipita. Mwanzo 14:18, mfalme wa Salemu, kuhani wa Mungu Aliye Juu, alimletea Abrahamu mkate na divai akambariki, na Abrahamu akampa fungu la kumi. Baba yake hatajwi, mama hatajwi, kifo chake hakitajwi, na Lawi, babu wa ukoo wa makuhani wa Israeli, wakati huo hata hajazaliwa. Yesu ni wa Yuda, kabila ambalo halikuwa na haki ya madhabahu, kwahiyo kwa mfano wa Haruni asingekuwa kuhani kabisa, ndio Zaburi 110 inaapa, "ndiwe kuhani hata milele, kwa mfano wa Melkizedeki". Sisi Wakatoliki anatajwa kwenye ile sala ya kwanza ya Ekaristi, na mimi niliyekulia kwenye zabibu nikisikia mkate na divai nasikia nyumbani. Na padre kwetu sio kuhani mwingine pembeni ya Yesu, anashiriki ule ule mmoja.

fundi_Nkuhungu
Hatujamjibu bibi anaomba nini na anamwomba nani. Anamwomba Baba, Mwana akiongea na Baba yake, na ule mwili aliotwaa hakuuacha, kapaa nao. Tena sio kwamba Baba kakasirika anabembelezwa, Baba ndiye aliyemtuma. Anaomba nini, angalia Luka 22:32, anamwambia Petro "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike", yaani isiishe, kamwombea kabla hajamkana, akijua atamkana. Ndio maombi yenyewe hayo.

MjukuuWaMvumi
Mungu awabariki sana, shikamoo Mwalimu. Nimemsomea yote jioni, kwenye kifuani akanirudisha nisome tena, kwenye Petro akafuta macho na kanga akasema huyo anijue tu kama alivyomjua Petro inatosha. Asubuhi kanipa karanga kibaba kimoja nimpelekee mchungaji mpya, nimwambie Jumatano anamsubiri.