Kitumbua kapungua

*Kikundi: UKOO WA BIBI NJOMBE*

Jumamosi

Mama Lulu: Shikamooni wakubwa. Ni Lulu hapa, natumia simu ya mama. Naomba msaada. Kitumbua amepungua, leo nimempima ni gramu 872

Anko Festo: Marahaba. Kitumbua ndiye nani tena?

Mama Lulu: Simbilisi wangu anko, yule wa manyoya ya mawimbi. Yuko na mdogo wake Bagia

Anko Festo: Gramu 872! Huku Makambako huyo angekuwa ameshakaa pembeni ya ugali 😂😂

Mama Lulu: Festo, sasa ni mimi mwenyewe. Mtoto analia, acha utani. Na mimi nilimwambia huyo mnyama hajapungua, mwangalieni kwenye picha, ni duara kama jina lake. Isitoshe bakuli la chakula kila jioni liko tupu

Baba Mdogo Elia: Kamweneni. Lulu, kabla ya leo alikuwa na uzito gani?

Mama Lulu: (Lulu) Naandika kwenye daftari kila Jumamosi asubuhi kabla hawajala. 964, halafu 951, halafu 918, leo 872

Baba Mdogo Elia: Hongera sana. Hilo daftari lina faida kuliko picha. Gramu 872 peke yake haisemi kitu. Simbilisi mzima ni kati ya 700 na 1,200, majike wepesi kidogo, madume wazito, kwa hiyo mtu akikwambia "872 iko sawa tu" hajakudanganya. Ila wako ameshuka gramu 92 kwa wiki tatu. Ni karibu sehemu ya kumi ya mwili wake. Kupanda na kushuka gramu 20 au 30 ni kawaida, tumbo likijaa au akikojoa. Hii siyo hiyo

Shangazi Tumaini: Mwanangu alipokataa kula nilimpa amoksilini, akarudi kwenye hali yake. Mjaribuni na hiyo, kidogo tu

Baba Mdogo Elia: HAPANA dada. Tafadhali. Dawa za jamii ya penisilini zinaua vijidudu vyema vya tumboni mwa simbilisi, vinabaki vibaya, anaharisha na kufa siku chache baadaye. Hata kwa daktari, akitaka kuandika dawa ya namna hiyo, muulizeni mara mbili

Shangazi Tumaini: Basi nimenyamaza 🙊

Edo (Njombe): Niko na Bibi hapa. Ananisomesha ujumbe wote kwa sauti, sasa anataka kusema. Naandika anavyosema:
"Lulu mjukuu wangu, kamwene. Picha haioni. Simbilisi mwenye manyoya mengi anaweza kukonda akabaki mifupa, na bado ukamwona mnene. Mshike. Mpapase mgongoni na mbavuni. Mimi nimewafuga jikoni tangu sijaolewa, sijawahi kuwa na mizani, na sijawahi kuchinja aliyekonda."

Anko Festo: Bibi ndiye aliyesema kuchinja, siyo mimi

Mama Lulu: (Lulu) Nimpapase vipi Bibi?

Edo (Njombe): Anasema "utajua ukigusa" 😅 Baba mdogo eleza wewe

Baba Mdogo Elia: Kunja ngumi. Papasa vifundo vya vidole vyako, pale mfupa unapochomoza. Mgongo wake ukiwa hivyo, amekonda. Sasa fungua mkono, papasa mgongo wa kiganja: mifupa ipo, unaihisi ukibonyeza kidogo, ila imefunikwa. Hiyo ndiyo afya. Geuza upapase ndani ya kiganja chini ya gumba, pale laini. Mbavu zikiwa hivyo huzipati hata ukibonyeza, basi amenenepa kupita kiasi. Wapapase wote wawili, na umpime Bagia pia

(dakika kumi na tano kimya)

Mama Lulu: (Lulu) Kitumbua ni ngumi. Mgongo wake kama msumeno 😭 Bagia ni pale laini. Bagia 1,118. Mwezi uliopita alikuwa 1,010

Baba Mdogo Elia: Haya, tumempata mla chakula. Bakuli lenu linaisha kweli, lakini anayelimaliza ni mmoja

Mama Lulu: Loh! Na mimi ndiye ninayeongeza kila linapoisha

Baba Mdogo Elia: Mnawapa nini hasa? Kila kitu, hata cha kudokoa

Mama Lulu: Zamani kulikuwa na kijana wa mkokoteni anatuletea ukoka na majani ya mahindi. Kile kiwanja alichokuwa anakata pamejengwa, hajarudi, kama wiki nne hivi. Sasa hivi ni chakula cha sungura cha punje, pumba ya mahindi, kabichi, na mkate ukilala

Edo (Njombe): Bibi ameshika kichwa. "Mkate! Na nyasi?"

Mama Lulu: Mama, Tabata nyasi natoa wapi

Baba Mdogo Elia: Shemeji, hapo ndipo penyewe. Simbilisi ni ng'ombe mdogo. Nyasi ziwe mbele yake usiku na mchana, zisikatike, zile za kijani au zilizokaushwa. Meno yake hayaachi kukua, ya mbele na magego, na kinachoyasaga ni nyasi, siyo pumba. Utumbo nao ukikosa nyuzi unalala. Punje ni kijiko kimoja cha chakula kwa kila mmoja kwa siku, basi. Mboga kikombe kimoja hivi. Mkate na pumba toa kabisa

Nyasi zikiwa tele hakuna bwana bakuli. Bagia hawezi kukalia rundo zima. Lakini bakuli moja dogo la punje tamu, mwenye nguvu analikalia, mwenzake anaambulia makombo

Upendo (Zürich): Nimeamka sasa nakuta mjadala mzito 😄 Msiwatenganishe lakini. Huku Uswisi kufuga simbilisi mmoja peke yake ni kosa kisheria

Anko Festo: Kuna nchi zina muda

Baba Mdogo Elia: Upendo yuko sahihi, ni wanyama wa kundi. Wakae pamoja ila bakuli ziwe mbili, mbalimbali, na ikibidi Kitumbua ale punje zake akiwa mapajani kwa Lulu. Lulu, kuna mambo mawili nataka kujua. Kwanza, Kitumbua anakuja kwenye chakula halafu anakitema, au mate yanamlowesha kidevu? Pili, anatembeaje?

Mama Lulu: (Lulu) Hatemi. Bagia anamsukuma na kichwa anaondoka. Kutembea… siku hizi anajivuta kidogo miguu ya nyuma. Nilidhani ni mvivu

Edo (Njombe): Bibi anauliza mavi yakoje

Mama Lulu: (Lulu) Madogo kama mchele. Ya Bagia makubwa

Edo (Njombe): "Basi haingii kitu tumboni. Mavi hayana unafiki."

Baba Mdogo Elia: Kujivuta huko kunanitia shaka ya vitamini C. Sungura anajitengenezea mwilini, simbilisi hawezi, yuko kama sisi. Ndiyo maana chakula cha sungura hakiwekwi vitamini hiyo, na mnyama anaweza kushiba kila siku huku viungo vinamuuma na fizi zinavuja damu. Yule kijana wa mkokoteni alikuwa anawaletea dawa bila nyinyi kujua, maana majani mabichi yanayo. Sasa hivi mpe kipande cha pilipili hoho, upana wa vidole viwili. Bagia awe mbali

Anko Festo: Hoho jamani, siyo pilipili mbuzi

Mama Lulu: (Lulu) AMEKULA YOTE!! Anapiga kelele anataka nyingine

Baba Mdogo Elia: Vizuri sana. Angekataa kabisa ningesema mbio sasa hivi, kwa sababu simbilisi akikaa nusu siku bila kula ni hatari. Hata hivyo daktari wa mifugo amwone leo leo, aangalie magego ya ndani ambayo Lulu hawezi kuyaona. Mpeleke na Bagia ndani ya boksi moja, wasiogope. Muwe na kitambaa chenye maji, joto la Dar linawaua

Shangazi Tumaini: Na mapera je? Nyumbani kwangu yanaanguka hovyo

Baba Mdogo Elia: Kipande chembamba, mara moja moja. Vitamini C imejaa, sukari nayo imejaa. Parachichi, vitunguu, majani ya viazi mviringo na ya nyanya, kamwe. Mchicha kidogo, usiwe wa kila siku, unaleta mawe ya kibofu

Edo (Njombe): Bibi anasema yeye huwapa maganda mabichi ya mahindi na majani ya mgomba, na hajaona jiwe

Mama Lulu: Tumerudi. Meno mazima. Fizi nyekundu kidogo, daktari kasema ni hiyo hiyo vitamini C. Kampa ya matone, anyweshwe mdomoni, isiwekwe kwenye chupa ya maji maana inaharibika haraka. Njiani nimenunua robota la nyasi kavu, nimepanda nalo bodaboda. Watu walinitazama!

Jumamosi iliyofuata

Mama Lulu: (Lulu) Kitumbua 893. Bagia 1,102. Mavi ya Kitumbua yamekuwa makubwa Bibi!

Edo (Njombe): Bibi kacheka mpaka kakaa chini

Baba Mdogo Elia: Safi. Bagia asishushwe kwa njaa lakini, nyasi ale atakavyo, punje ndiyo zipungue. Endelea na daftari

Mama Lulu: Ni mimi. Lulu ukisoma hapa, rudisha mizani yangu jikoni, nina keki ya harusi ya kilo sita. Na uioshe KWANZA

Anko Festo: Hiyo keki mimi sili