Katiba ya 1977 yakaribia miaka 50: kuikarabati au kuandika mpya?

Mleta mada
Wakuu, tarehe 26 Aprili 2027 Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatimiza miaka 50 tangu ianze kutumika. Msimamo wangu nautaja mapema: hatuhitaji katiba mpya. Hii tuliyonayo imekarabatiwa mara 14 na imebeba mambo mazito. Marekebisho ya Tano ya mwaka 1984 yaliingiza haki za binadamu, ya Nane ya mwaka 1992 yakaruhusu vyama vingi. Njia yenyewe iko ibara ya 98: theluthi mbili ya wabunge wote. Kwa yale mambo 8 ya Orodha ya Pili katika Nyongeza ya Pili (kuwepo kwa Jamhuri ya Muungano, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano na mengineyo) zinatakiwa theluthi mbili za wabunge wa Bara na theluthi mbili za wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Muswada mmoja wa kugusa ibara ya 39 (sifa za mgombea urais), 41 (uchaguzi wa Rais) na 74 (Tume ya Uchaguzi) unatosha. Bunge Maalum, lile la kutunga katiba, la nini tena?

Mchangiaji wa 1
Mkuu, kabla ya kukata keki angalia iliokwaje. TANU ya Bara na ASP ya Zanzibar waliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Kamati ileile ya watu 20 chini ya Sheikh Thabit Kombo iliyoandaa katiba ya CCM ndiyo iliyopewa kazi ya kupendekeza Katiba ya nchi. Bunge Maalum likaipitisha tarehe 25 Aprili, kesho yake ikaanza kazi. Kura ya maoni haikuwepo. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, lakini wananchi hao hawajawahi kuulizwa kama wanaikubali. Kasoro hiyo haizibwi na muswada, hata ukiwa mzuri namna gani.

Mchangiaji wa 2
Mimi nishike hapo kwenye "muswada mmoja unatosha". Ibara ya 98 ni mlango usiochagua anayepita.

Mwaka 1994 Mahakama Kuu iliamua kwamba mgombea binafsi anaruhusiwa. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Marekebisho ya Kumi na Moja, mlango ukafungwa. Kesi ikarudi, Mahakama Kuu ikasema tena ndiyo mwaka 2006, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikasema suala hilo ni la Bunge, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaona katazo linakiuka haki. Ibara ya 39 bado inadai mgombea urais awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama.

Mfano wa pili unauma zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 90 serikali ilitoa Waraka Mweupe, yaani mapendekezo yake ya kujadiliwa na wananchi, na Kamati ya Jaji Kisanga ikakusanya maoni. Kisha yakaja Marekebisho ya Kumi na Tatu ya mwaka 2000, yakaondoa sharti la mshindi wa urais kuvuka nusu ya kura. Sasa, kwa ibara ya 41(6), anayewazidi wenzake tu ametangazwa. Na 41(7) inaizuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa na Tume. Ukarabati huohuo unaousifu ndio uliobomoa ukuta.

Mchangiaji wa 3
Ndugu zangu, mnazungumza kama vile Muungano haumo humu ndani. Hati za Muungano za mwaka 1964 zilikuwa na mambo 11 ya Muungano. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba, yenye orodha hiyo, leo ina 22, yakiwemo mafuta na gesi asilia, Baraza la Mitihani na takwimu. Upande wa pili, Katiba ya Zanzibar ya 1984 ilibadilishwa mwaka 2010 ikatamka kuwa Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano, na ibara ya 80A ikaweka kura ya maoni kabla ya kugusa baadhi ya vifungu. Katiba mbili zinavutana, na muswada wa Dodoma unaweza kurekebisha moja tu.

Mleta mada
Nakubali 41(7) haitetewi. Lakini hiyo njia yenu ndefu ya kuandika katiba mpya tuliijaribu, ikatushinda. Na hata bila kugusa Katiba, mwaka 2024 tumepata Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi.

Mchangiaji wa 2
Sheria imebadili jina la Tume na kuleta kamati ya usaili kwa wajumbe. Ibara ya 74 haikuguswa: mwenyekiti bado anateuliwa na Rais. Na ibara ya 64(5) inasema sheria ikipingana na Katiba, Katiba ndiyo inasimama. Huwezi kupanda juu ya ibara kwa ngazi ya sheria.

Mchangiaji wa 4
Kuhusu "ikatushinda", tuseme ilikwama wapi hasa. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba, Sura ya 83, ilipanga ngazi nne: Tume kukusanya maoni, rasimu kupita kwenye mabaraza ya katiba, Bunge Maalum, kisha kura ya maoni. Ngazi mbili za kwanza zilipandwa. Tume ya Jaji Warioba ilitoa rasimu ya kwanza Juni 2013 na ya pili Desemba mwaka huo.

Kosa la kwanza lilikuwa muundo wa Bunge Maalum. Wabunge wote na wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar waliingia moja kwa moja, wakaongezwa wajumbe 201 walioteuliwa na Rais. Kwa hiyo wanasiasa wa vyama ndio walioamua kuhusu mipaka ya madaraka yao wenyewe. Pendekezo la rasimu la serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar) likaondolewa, pia ukomo wa ubunge na haki ya wapiga kura kumwondoa mbunge wao. UKAWA, umoja wa wapinzani, walitoka Aprili 2014, lakini kanuni zikaruhusu kazi iendelee, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa tarehe 2 Oktoba.

Kosa la pili ni ratiba. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015 wakati uandikishaji wa wapiga kura kwa BVR (mfumo wa alama za vidole) ulikuwa bado, ikaahirishwa, na hadi leo haijapewa tarehe nyingine. Ingepigwa, ingehitaji zaidi ya nusu ya kura Bara na zaidi ya nusu Zanzibar. Upande mmoja ukikataa, imekufa.

Mleta mada
Basi mnaanzia wapi? Kwa Warioba, au kwa ile ya 2014?

Mchangiaji wa 4
Hilo ndilo swali ambalo Sura ya 83 hailijibu. Kwa ilivyo, kinachosubiri kura ni maandishi ya 2014 pekee. Bunge libadili sheria hiyo kwanza: liseme maandishi hayo yanafutwa au yanarudi kwa jopo la wataalamu, lipunguze wabunge katika Bunge Maalum, liweke tarehe.

Mleta mada
Huo ni muswada wa kawaida. Hauhitaji hata theluthi mbili.

Mchangiaji wa 4
Hauhitaji. Ndiyo maana asije mtu kutuambia idadi ya wabunge ndiyo iliyouchelewesha.