Naomba ushauri: binti yangu anashukiwa kuwa na sudozanthoma elastikamu

Ndugu zangu, binti yangu wa miaka 15 ana vipele vidogo vya manjano shingoni na makwapani, mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na ngozi yenyewe imelegea. Alitibiwa fangasi miezi minane bila nafuu, hadi daktari mmoja alipotaja sudozanthoma elastikamu, ugonjwa ambao nyuzi zinazoipa ngozi mnyumbuko hujaa kalsiamu, na ambao mtoto huupata akirithi jeni yenye hitilafu, aghalabu ABCC6, kwa baba na kwa mama. Kipande cha ngozi kitakatwa kipimwe, lakini kinachoninyima usingizi ni macho, kwani nyufa zinazotokea chini ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) zinaweza kuvuja damu na kuharibu uoni. Je, tumwone daktari wa macho sasa, au tusubiri majibu ya ngozi? Na mdogo wake, asiye na dalili yoyote, naye apimwe?