Tupeane uzoefu: lugha ya mwenzako ilikufungulia nini?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mkalimani wa mikutano. Siku moja mzungumzaji alisimulia kwa Kiswahili habari za daktari aliyemuuguza mwanawe: alikuja usiku, akakaa naye, akalia naye. Nami nimo kibandani, kipaza sauti mdomoni, natakiwa nitoe Kiingereza, chenye "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke. Nikakwama. Huyu "a-" ni mwanamume au mwanamke? Nikakwepa kwa kurudia "daktari, daktari" mpaka nikaona aibu, ndipo mzungumzaji akasema, "Mama yule Mungu ambariki."

Mfini au Mturuki angenielewa, maana "hän" ya Kifini na "o" ya Kituruki hazitenganishi jinsia, kama "yeye" yetu. Kufikiri, kila mtu atafikiri atakalo kwa lugha yake. Ila kila lugha ina mambo ambayo haikubali uyanyamazie, na hayo ndiyo hunifunza watu. Leteni yenu, yaliyowakuta wenyewe.

Mkamwana
Yangu ni ya Kifaransa. Mama mkwe aliniita "vous", yaani "wewe" ya heshima, miaka miwili. Hakuwa na chuki nami, ndiyo heshima ya mtu ambaye bado si wa ndani. Mimi niliyezoea "wewe" moja kwa wote wala sikuona tofauti. Baba mkwe alipolazwa, tukawa tunamkunjia nguo za kupeleka hospitali. Bila kuinua macho mama akaniuliza, "Tu as mangé?" Umekula? Na "tu" ndiyo "wewe" ya mtu wa karibu. Lile shati lilinishinda kukunja. Mume wangu aliingia akatukuta wote wawili tunalia, akadhani mzee ametutoka.

Msomaji wa usiku
Fupi tu. Nilisoma na Mwaimara kutoka Bolivia. Akitaja mambo ya kale, mkono ulikwenda mbele. Kwa lugha yao, Kiaimara, "nayra" ni jicho, ni mbele, na ni zamani pia, kwa kuwa yaliyopita umekwisha kuyaona. Yajayo yako mgongoni.

Mikono Miwili
Mimi ni kiziwi. Wengi hudhani lugha ya alama ni moja dunia nzima. Marekani na Uingereza wanasema Kiingereza, lakini lugha zao za alama ni mbali kabisa: Mwingereza huunda herufi kwa mikono miwili, Mmarekani kwa mmoja. Ya Marekani ina damu ya Ufaransa, kwani Laurent Clerc, kiziwi Mfaransa, alishiriki kuanzisha shule ya viziwi kule Hartford mwaka 1817.

Basi nikiwa safarini nikakaa jirani na kiziwi wa nchi nyingine. Alama zetu hazikuoana. Tukaanza kwa kuonyesha vitu na kuigiza, na baada ya nusu saa tunaonyeshana picha za watoto, tunaulizana nani mtundu. Alama yake ya "mtundu" ni kidole kinachochimba kiganja kama panya. Hadi leo tunaitumia nyumbani, na wanangu hawajui ilikotoka.